Mzuka na Uzushi ni wa Tumbo Moja



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka mingi iliyopita alinitembelea nyumbani kwangu hapa Runzewe. Aliniamkia, akaketi, akauliza hali ya magoti yangu, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyopigwa chapa. Yeye na wenzake wanakusudia kuanzisha matembezi ya usiku yenye kiongozi. Watu watalipa kiingilio, watakusanyika saa mbili usiku kando ya barabara kuu, halafu watapitishwa vichochoroni kwa mwanga wa tochi huku wakisimuliwa habari za mizimu, misukule na wachawi wa mji wetu. Wateja waliokusudiwa ni madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, wanunuzi wa dhahabu, na wageni wengine wanaolala hapa usiku mmoja wakaondoka. Aliniomba mambo mawili: nisahihishe lugha ya tangazo, na nikubali kuwa msimulizi wao wa kwanza.

"Shida yetu ni kwamba wazee wenye hadithi wanaisha, Mwalimu," alisema. "Tukichelewa tutabaki na simu tu."

Tangazo nililisahihisha. Usimulizi niliukataa. Kijana aliondoka kwa adabu lakini akiwa amenuna, na nadhani alikwenda akisema kwamba mwalimu wake amezeeka, ameingiwa na woga wa kilokole au wa kisomi. Si kweli. Naandika hapa, mbele ya watu wanaopenda hadithi kama ninavyozipenda, ili nieleze kwa nini nasema matembezi hayo, kwa jinsi yalivyopangwa, ni hatari kwa watu na ni dhuluma kwa ngano zenyewe.

Karatasi ile ilikuwa na vituo vitano. Cha kwanza mkuyu mkubwa. Cha pili njia panda. Cha tatu duara la wachimbaji lililoporomoka zamani. Cha nne kisima kisichotumika tena. Cha tano kiliandikwa hivi: "Nyumba ya bibi asiyelala." Nyumba hiyo naijua. Bibi anayekaa humo namjua pia. Halali kwa sababu ana kikohozi cha miaka mingi, na mtu mwenye kikohozi akilala chali anakosa pumzi. Huwasha taa, huketi, husubiri alfajiri. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni mbichi tangu utotoni, kama walivyopika mama yake na bibi yake. Hiyo ndiyo siri yote ya kituo cha tano. Watu ishirini wakipelekwa kila Jumamosi kusimama gizani mbele ya mlango wake, wakanong'onezwa kwamba humo ndani kuna mtu asiyelala, nauliza: Jumapili wataamka na nini vichwani mwao?

Tuanze na maneno, maana sisi wa blogu hii kazi yetu ni maneno. Tangazo lilichanganya mizimu, mizuka, mapepo, misukule na wachawi kana kwamba ni jina moja lenye sura tano. Chanzo cha mchanganyiko huo nakijua. Waandishi wake walitazama kwenye simu matembezi ya Wazungu, wakakuta neno moja la Kiingereza, nao wakatafuta neno moja la Kiswahili la kuliziba. Lakini sisi hatuna giza la jumla. Mzimu ni roho ya aliyekufa, naye ana jamaa. Wasukuma huita masamva, na mtu hawatembelei masamva wa mwenzake kwa tikiti. Mzuka ni kitokeacho ghafla, hakina ukoo. Pepo na jini wana desturi zao na mafundi wao. Msukule husemwa kuwa ni mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe amefichwa afanyishwe kazi, kwa hiyo nyuma ya kila msukule lazima pawe na mfichaji. Mchawi, yeye, si roho wala kivuli. Mchawi ni jirani. Ana jina, ana shamba, ana mlango. Ukimchanganya na mzimu katika sentensi moja umefanya kosa lililo kubwa kuliko kosa la kamusi, kwa sababu mzimu haukatwi panga.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu walipofika kwenye mnyambuliko wa vitenzi. Chukua kitenzi zua. Kutokana nacho twapata zuka, nacho chazaa mzuka. Twapata pia zusha, nacho chazaa uzushi. Mzuka na uzushi ni wa tumbo moja. Waliounda lugha hii waliona ndani ya mzizi mmoja kwamba kitu kinachotokea ghafla usiku na maneno yanayotungwa bila msingi ni ndugu. Sisi tumesoma zaidi yao, lakini tunajifanya hatuoni undugu huo.

Hoja yangu kuu ni hii. Ngano haina anwani. Tuhuma ina mlango.

Kumbukeni jinsi hadithi zinavyofunguliwa. Fanani huita, "Hadithi! Hadithi!" Hadhira huitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ona uaminifu wa watu wale. Kabla ya neno la kwanza, hadhira nzima imekubali kwa sauti kwamba uongo umealikwa, na umealikwa kwa ajili ya utamu. Kisha hadithi hupelekwa mbali: hapo zamani za kale, katika nchi moja, palikuwa na mtu. Nchi gani? Nchi moja. Mtu gani? Mtu mmoja. Ukosefu huo wa anwani haukutokana na uvivu wa watambaji. Walikuwa wamejenga ukuta kati ya hofu ya hadithini na majirani wanaolala nyumba ya pili. Mtoto aliweza kuogopa usiku kucha na asubuhi akaenda kuomba moto kwa bibi yuleyule wa jirani, kwa kuwa lile zimwi la jana halikukaa kwa bibi huyo.

Tuhuma ina sarufi nyingine. Haina mwito wala mwitiko. Haisemi "hapo kale", husema "juzi". Haisemi "mtu mmoja". Husema "yule", "pale", "nyumba ile yenye mlango wa bati". Imejaa vionyeshi kwa sababu kazi yake ni kuonyesha. Matembezi yenye kiongozi, kwa umbo lake tu, yanahitaji vionyeshi. Kiongozi wa matembezi hawezi kusema "katika nchi moja", kwani watu wamelipa ili waonyeshwe. Lazima anyooshe mkono. Kwa hiyo hata kiongozi mwenye nia njema, akichukua ngano na kuitembeza mitaani, ataipa anwani, na akishaipa anwani ameigeuza tuhuma.

Najua mtaniambia kwamba mambo haya yanafanyika kwingine bila madhara. Mji wa York huko Uingereza umekuwa na matembezi ya namna hiyo tangu 1973, na watu hurudi hotelini wakicheka. Sikatai. Lakini York ni mji wa kuta za kale na nyumba zenye umri wa karne kadhaa. Anayetajwa kuonekana dirishani amekwishakufa muda mrefu, na hakuna jirani yake aliye hai. Runzewe nyumba nyingi ni za jana. Anayetajwa dirishani yuko dirishani kweli, anakutazama, na kesho atakwenda gulioni kununua dagaa.

Tena nchi yenyewe tunayotembea juu yake ina hesabu ambayo haijafungwa. Tangu nikiwa kijana chuo cha ualimu tulikuwa tukisikia habari za mabibi kuuawa Shinyanga na Mwanza kwa macho mekundu. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwa kirefu juu ya mauaji hayo ya Usukuma katika miaka ya 1990. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi. Na wilaya yetu ya Bukombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga kabla ya kuundwa mkoa wa Geita, ina jeraha lake mahsusi. Mtoto wa kiume wa miaka 14 mwenye ualbino aliuawa katika wilaya hii mwezi Desemba 2008. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kosa hilo. Mapema mwaka huohuo wa hukumu Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa amezifuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji ya namna hii. Mtoto yule hakuuawa na mzimu wowote. Aliuawa na hadithi: hadithi kwamba kiungo cha mwili wa mtu huleta mali. Ilisimuliwa kwa mnong'ono, gizani, kwa malipo. Naomba msomaji alinganishe masharti hayo matatu na tangazo niliyoletewa.

Nina kisa changu pia. Katika miaka ya 1990, nikifundisha shule moja ya sekondari ya ukanda huu ambayo sitaitaja, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi la insha: "Andika ngano uliyosimuliwa na bibi yako." Kijana mmoja, hodari wa lugha kuliko wenzake, alinirudishia karatasi tupu. Nilimkaripia mbele ya darasa. Mwisho wa kipindi mwenzake alinifuata nje akanieleza kwamba bibi wa kijana yule alikatwa mapanga likizo iliyopita. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa. Kwenye kilabu cha pombe mtu mmoja alisema, kwa mzaha, kwamba amemwona bibi usiku akipita kisimani bila kivuli. Watu walicheka. Siku ya nne hawakucheka. Tangu hapo sijawahi kutoa zoezi lile bila kwanza kuuliza, na tangu hapo siamini mtu anayeniambia, "Ni burudani tu, hakuna anayeamini." Kwenye kilabu kile pia ilikuwa burudani. Msimulizi hachagui nani ataamini. Kati ya watu ishirini kumi na tisa watacheka, na mmoja atakuwa na mtoto mgonjwa nyumbani.

Anayedhani haya ni mambo ya Wasukuma na Wasumbwa peke yao na atazame Zanzibar. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, hofu ya Popobawa ilizuka Pemba, ikavuka hadi Unguja. Jina lenyewe ni popo na bawa. Hapakuwa na ukoo wala nyumba, tungesema ni mzuka mtupu. Lakini hofu haipendi kukaa hewani, hutafuta mwili wa kuingia. Kijana mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekwenda Unguja kutibiwa, alishambuliwa na umati ukidhani ndiye Popobawa, akauawa. Leo wageni husimuliwa Popobawa kama kichekesho cha visiwani. Kijana yule hatajwi.

Na karibu na hapa kuna Gamboshi, kijiji cha Bariadi, mkoani Simiyu. Husimuliwa nchi nzima kwamba usiku kinageuka jiji lenye taa kama za New York. Ni picha nzuri. Mshairi yeyote angeitamani. Lakini Gamboshi si nchi moja ya hapo kale. Ni kijiji chenye watu wanaolima na kufuga, na hadithi hiyo imebandikwa kwenye anwani yao. Mtoto wa huko akijitambulisha ugenini anatazamwa mara mbili. Hicho ndicho tunachotaka Runzewe ijulikane kwacho?

Sasa nije kwenye hoja yenye uzito zaidi, ambayo kijana wangu aliileta kwa huzuni ya kweli: kwamba tusipozisimulia hadithi hizi zitakufa. Ndugu yangu, zipi? Ngano kubwa ya nchi hii haimo katika vituo vyako vitano. Humo hamna Masala Kulangwa.

Kwa wasomaji wa mbali: Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote. Alibaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Akajifungua mwana, Masala Kulangwa, jina lenye akili ndani yake, maana masala kwa Kisukuma ni akili. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi?" Alipoambiwa akatoka kwenda kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akarudi akimwita mama apande juu ya paa ashangilie. Mama akasema, "Mwanangu, huyo ni panzi." Akaua ndege, akaua paa, kila mara mama akamwambia, siye. Hatimaye akalikuta Shing'weng'we lenyewe, akaliua, akalipasua. Watu wakatoka, ng'ombe wakatoka. Lakini kisu kikamkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akaghadhibika, akamtukana, akatafuta namna ya kumroga.

Hapa ndipo napenda watu wasimame, hata kama ni usiku na miguu inauma. Kijana ni shujaa, watu wote wako upande wake, na bibi huyu, tofauti na bibi wa kituo cha tano, ametaka kuroga kweli. Ngano inafanya nini? Haimkati. Masala Kulangwa alitafuta dawa, akamponya bibi sikio. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Hawakumpa utemi aliposhika kisu. Walimpa alipoponya jeraha alilolisababisha mwenyewe.

Wazee walioitunga ngano hii waliijua nchi yao. Walijua kwamba baada ya kila msiba kutakuwa na bibi mwenye hasira na kijana mwenye kisu, nao wakaacha maagizo. Walijua pia hatari ya panzi. Mtoto akifa kwa homa, duara likiporomoka likaua wachimbaji, sisi hutoka mbio, tukamkamata wa karibu aliye dhaifu, tukapanda juu ya paa kushangilia. Hakuna mama wa kutuambia, "Wanangu, siye." Na Shing'weng'we, ambalo ni homa isiyotibiwa mapema, nguzo bovu za duara na umaskini unaomfanya mtu anunue bahati kwa mganga, linaendelea kumeza.

Kwa hiyo yanayoitwa urithi katika tangazo lile ni makombo ya kilabuni, na urithi wenyewe umeachwa nyumbani. Sisemi hili kwa kudharau shida ya vijana. Kazi hakuna, na si wote wanaoweza kushuka shimoni. Wana haki ya kuishi kwa maneno kama mimi nilivyoishi kwa chaki. Ndiyo maana sikuishia kukataa. Nilimwandikia masharti yangu nyuma ya karatasi ileile, na hapa nayarudia ili mnisahihishe.

Msisimame mbele ya nyumba yoyote inayokaliwa na mtu. Mkuyu hauna watoto wa kuaibika, simameni hapo. Kwenye duara semeni habari za wachimbaji waliofia humo kwa heshima, kama msiba wa jirani, na msiwaulize wafu wao walikuwa wametoa kafara gani. Fungueni kila hadithi kwa mwito na mwitiko, ili mgeni naye akiri kwa kinywa chake kwamba ameualika uongo. Neno mchawi lisitajwe kwa mtu aliye hai wala kwa ukoo wake. Na kila usiku ufungwe kwa sikio lililoponywa.

Sharti la mwisho ndilo alilolisoma mara mbili. Bibi asiyelala aendewe kabla ya jua kuzama, atandikiwe mkeka, aombwe asimulie mwenyewe, na alipwe sehemu yake ya kiingilio. Ngano anazo, nimezisikia. Katika fasihi simulizi tulifundisha tofauti ya fanani na mhusika. Bibi awe fanani, asiwe mhusika. Mtu aliyesikika akisimulia hadithi ya sungura huku akikohoa na kucheka ni vigumu kumwendea na panga. Mtu aliyetazamwa tu kupitia ufa wa dirisha ni rahisi.

Kijana aliikunja karatasi, akasema atazungumza na wenzake. Tangazo bado halijabandikwa. Nangoja.

Kwenu washairi nina ombi moja. Tumetunga sana juu ya usiku, kiza na vivuli, nami pia nina hatia hiyo. Giza ni tamu kwa vina. Tutunge sasa juu ya sikio. Nawaanzia kwa beti mbili, mzizidishe na kuzikosoa:

Ngano njoo barazani, ukae penye mkeka,
Uongo wako thamani, wala hauna mashaka,
Usibishe mlangoni, kwa bibi aliyechoka,
Sikio lililokatwa, tulitibu, si kuzika.

Wekundu huo ni moshi, wa kuni alizopewa,
Mzuka huo uzushi, ulimini ulizawa,
Usiku haubakishi, panga likiinuliwa,
Sikio lililokatwa, tulitibu, si kuzika.